SOMO: Kuchangia shule na zahanati zilizoharibiwa na vita Kivu (soma yote kabla ya kuuliza)

Habari wakuu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tisa, mara moja nikiwa msibani: "Tuna kikundi chetu, tunataka kusaidia shule kule Goma, tunaanzaje?" Nimejibu zote tisa. Ya kumi naiandika hapa, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia linki.

Mimi ni mzaliwa wa Birere, mtaa wa Goma, mashariki mwa Congo, na huu ni mwaka wa 14 niko Dar. Ni mweka hazina wa kikundi cha watu 43: nusu Wakongo, nusu Watanzania waliooa au kuolewa kwetu, au waliofanya biashara na sisi wakatuzoea. Mpaka sasa tumerudishia vifaa shule mbili na kituo cha afya kimoja upande wa Masisi, mbele ya Sake. Sisi si shirika. Mwenye mamilioni ya dola aendelee mbele, somo hili si lake.

HATUA YA 1. Chagua shule moja au kituo kimoja. "Kivu" si anwani.

HATUA YA 2. Pata watu wawili wa hapo hapo: mmoja mwenye cheo (direkta wa shule, au "ite", ndivyo wanavyomwita nesi mkuu wa kituo) na mmoja asiye na cheo, mama anayeuza ndizi getini anatosha kabisa. Wapigie siku tofauti.

HATUA YA 3. Orodha ya mahitaji.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulia usome.

Mzunguko wa kwanza nilimpigia direkta nikamuuliza mnahitaji nini. Hakufikiri mara mbili: madawati. Na kweli hayakuwepo. Shule ilikuwa imelalwa na wakimbizi wa ndani kwa miezi, kabla yao walilala wenye bunduki, na kila aliyelala alipika. Kuni ya karibu ni dawati. Tukachanga, tukamlipa seremala, madawati 60 yakapanda mlima. Nikamwambia seremala ayapige namba kwa rangi nyekundu, 1 mpaka 60, yasiibiwe. Nikajiona mjanja. Wiki ya saba direkta akanirushia picha: mafiga matatu katikati ya darasa la tatu, majivu, na kipande cha ubao chenye 17 nyekundu, nusu kimeungua. Yalikuwa yamebaki 22.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: usiku nani analala humo? Madarasa hayakuwa na milango. Kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia zilirudi vijijini zikakuta nyumba hazipo, zikaingia shuleni. Masisi ni milimani. Mvua ya jioni ikishuka, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mama ana kichanga na sufuria ya maharage mabichi, wewe unamwambia habari za dawati? Hata mimi ningechoma.

Sasa kabla ya kuulizia bei ya kitu chochote tunauliza: Nani analala hapo? Milango na makomeo yapo? Funguo anakaa nazo nani? Watu wanapata wapi kuni? Bati zinavuja wapi? Mzunguko wa pili tulinunua milango sita kwanza, tukatenga fungu la makaa, na kamati ya wazazi ikakubaliana na familia zile zibaki madarasa mawili ya mwisho. Ndipo tukapeleka madawati. Yapo mpaka leo.

ONYO: direkta hakunidanganya. Alijibu nilichouliza. Mtu aliyepoteza kila kitu akiulizwa anahitaji nini atataja cha kwanza kinachomjia, na hawezi kukukatalia unachompa. Ukimwambia "tuna kompyuta" atasema asante.

ONYO LA PILI, kwa zahanati: orodha ya ite ipitie ofisi ya zoni ya afya (kama ofisi ya afya ya wilaya kwetu). Kituo kimoja kinaweza kuwa kimeahidiwa na mashirika matatu na cha jirani hakina hata pamba. Tuliponea chupuchupu kununua vitanda vya kujifungulia ambavyo vilikuwa tayari njiani.

HATUA YA 4. Kukusanya. Akaunti ya kikundi, saini mbili, lipa namba yenye jina la kikundi na si la mtu. Kila Ijumaa weka kwenye grupu kilichoingia, kilichotoka na makato. Makato yaandike hata kama ni shilingi 300, maana watu hawagombani juu ya milioni, wanagombana juu ya 300.

HATUA YA 5. Kuvusha hela. Benki za Goma zilifunga vita vilipoingia mwishoni mwa Januari 2025, noti zikaadimika mjini. Sisi tunatumia pesa za simu kwa mafungu madogo, au mtu anapokea Gisenyi upande wa Rwanda na kuvuka nazo kwa miguu. Kabla hujatuma, muulize anayepokea wakala wake ana noti kiasi gani leo. Salio kwenye simu halimlipi seremala.

Halafu dola. Ukimpa mtu dola taslimu za kwenda nazo, kagua noti moja moja mwangani. Congo dola yenye mchaniko wa urefu wa punje ya mchele haipokelewi, iwe mia, iwe ishirini. Nilishawahi kupeleka noti nne za mia nilizozikunja mara nne mfukoni; mbili zilichanika kwenye mkunjo, zikarudi Dar kama zilivyokwenda. Zibebe zimenyooka, ndani ya daftari.

HATUA YA 6. Nunua huko huko. Mbao zipo, maseremala wapo, na seremala wa Sake naye alipoteza karakana. Mzigo wa kutoka Dar utapita Rusumo, Kigali, Gisenyi, halafu ushuru wa forodha na ukaguzi wa bidhaa, kila meza na karatasi yake. Sake ni kama kilomita 25 tu kutoka Goma. Mbao zetu nyingine zilipelekwa na chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali. Omba bei kwa maseremala watatu, kwa maandishi. Nusu mwanzo, nusu mzigo ukifika.

HATUA YA 7. Kukabidhi. Karatasi moja: kitu, idadi, saini ya direkta, saini ya mzazi, saini ya seremala. Piga picha vitu, usipige watoto. Na usiposti kabla mzigo haujafika wala usitaje siku. Watu wenye bunduki nao wana simu.

Basi. Maswali karibuni.

---

MASWALI

BabaTatu: Mkuu somo zuri. Mimi nina mitumba marobota mawili na vitabu vya darasa la nne vya hapa kwetu, natuma wapi?

Mwandishi: Hatua ya 6.

BabaTatu: Nimesoma, ila hivi ninavyo tayari, sinunui.

Mwandishi: Uza mitumba hapa, tuma hela. Vitabu wape shule ya mtaani kwako. Kule madarasa ya mwanzo wanasoma kwa Kiswahili kisha wanahamia Kifaransa, na mtaala si wa Tanzania. Mwalimu atapata kazi ya kuvitunza tu.

FundiUmeme: Shemeji yangu yuko Chicago, hospitali moja inatoa mashine za kutakasia vifaa vya tiba (kuua vijidudu), bure kabisa. Hii fursa mnaiachaje?

Mwandishi: Mashine ya Marekani inataka volti 120, Congo ni 220. Hiyo ni pale umeme unapokuwepo, na vituo vingi vya Masisi havina. Bure yako italipiwa meli, bandari, lori na ushuru, halafu ikae stoo imefunikwa kitenge.

FundiUmeme: Kuna transfoma lakini.

Mwandishi: Wewe fundi, niambie mwenyewe: transfoma ya kubeba mashine ya wati elfu moja na kitu inauzwaje, na ikiungua saa nane usiku mama yuko kitandani, nani anapanda mlima kuitengeneza? Kituo chetu tulikinunulia mtungi wa kutakasia unaofanya kazi kama sufuria ya presha, juu ya makaa. Hauna waya hata mmoja.

FundiUmeme: Hapo umenipata. Mzunguko wa Hezi nao ni 60 kwa 50, mota zake zingezunguka polepole na kuchemka.

Mwandishi: Umeona. Hilo sikulijua, asante.

Kichwa Ngumu: Hizi story za michango tumezizoea. Tutajuaje hamli hizo hela?

Mwandishi: Hutajua, kwa sababu sijakuomba hela. Tafuta neno "namba" kwenye somo langu uone kama nimeweka namba yangu. Wanachama 43 wanaona hesabu kila Ijumaa na mwezi wa tatu mmoja alinikamata nimekosea kujumlisha kwa shilingi 1,500. Wewe anzisha cha kwako, shika daftari mwenyewe.

Kichwa Ngumu: Usipaniki mkuu, nimeuliza tu.

Mwandishi: Sijapaniki. Nimejibu tu.

Nesi wa Kasulu: Shikamoo mkuu. Mimi ni nesi, nimehudumia ndugu zetu wa Kongo kambini Nyarugusu miaka kadhaa. Ningependa kujua mlifanyaje kuhusu friji ya chanjo? Najua ndiyo kitu cha kwanza kuporwa.

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali. Friji ya nyumbani tusidanganyane, haifai. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8, na friji ya dukani ikipiga baridi usiku inagandisha, na kuna chanjo zikiganda zimekufa ingawa kwa macho ziko sawa. Za sola za zamani zilikuwa na betri, na betri ndiyo inayoibiwa, au inachoka baada ya miaka michache hakuna wa kununua nyingine. Zipo sasa zinazopokea jua moja kwa moja, hazina betri kabisa; zinatunza baridi kwa kugandisha maji yawe barafu kwenye kuta zake. Ila bei yake inazidi kikundi kama chetu, na kule chanjo ziko chini ya mpango wa taifa, PEV, unaopitia zoni. Kwa hiyo sisi tuliacha friji, tukamsaidia ite kuandika barua ya kuomba kwa zoni, na hela yetu ikanunua vinavyobebeka: mizani ya watoto ya kuning'iniza, kipima presha cha kupampu kwa mkono, taa za kichwani za sola, beseni, mpira wa kutandika kitandani. Akisikia milio anaviweka kwenye mfuko mmoja anaondoka navyo. Alishafanya hivyo mara mbili.

Nesi wa Kasulu: Mfuko mmoja! Hilo nalichukua. Na dawa?

Mwandishi: Dawa hatutumi kutoka huku kamwe. Tunalipia Goma kwenye bohari ya ASRAMES, wao ndio wanaosambaza dawa muhimu kwa vituo. Mwongozo wa WHO unasema dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja, na watu wakisafisha makabati yao hawaangalii hilo. Bosnia wakati wa vita vyao, kufikia 1996, zilikuwa zimerundikana tani kama 17,000 za dawa zisizofaa, na kuziteketeza ni gharama nyingine. Msaada ule.

Nesi wa Kasulu: Duh. Hata kambini tulipata maboksi yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma.

Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha miaka 31, sijaona mtu aliyetaja ubao. Mnapeleka madawati, mwalimu anaandika wapi?

Mwandishi: Shikamoo mwalimu. Umenikamata. Mbao za kuandikia zipo lakini zimepauka, chaki haishiki. Rangi ya ubao mjini ni ghali.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Sisi enzi zetu shuleni hatukununua rangi. Mkaa ulosagwa laini, majani ya maboga, unasugua mpaka ubao unakuwa mweusi unang'aa kidogo. Wanafunzi wenyewe wanafanya Ijumaa mchana.

BabaTatu: Sisi tulikuwa tunavunja betri za redio.

Mwalimu Mstaafu: Tulifanya hivyo pia, lakini ile dawa ya betri si nzuri mikononi mwa watoto. Tumia mkaa.

Mpita Njia: Jamani nimechelewa, namba ya kutuma mchango ni ipi?

Mwandishi: Hakuna namba. Rudi juu, anza hatua ya 1.

Mwandishi: Mwalimu, hayo majani ni mabichi au ya kukauka? Nataka nimwandikie direkta leo hii.

Mwalimu Mstaafu: Mabichi. Yatwange kwanza na mkaa pamoja, maji kidogo sana, usije ukapata uji. Paka makoti mawili, la kwanza likauke usiku kucha. Na mwambie asiandike siku hiyo hiyo, lazima atajaribu.