Wakili wa ofisi ndogo: namna ya kuhamia eneo jipya la sheria

Katika ofisi ndogo, wakili huyohuyo anaweza kuanza na kesi za jinai, akaingia kwenye mirathi, kisha akahamia mikataba ya biashara. Kuhama kwenyewe si kugumu. Kinachoumiza wateja ni majalada yaliyoachwa nusu.

Orodhesha kwanza kila jalada lililo wazi: tarehe ya kusikilizwa, fedha za mteja unazozishikilia, na ukomo wa muda wa kufungua shauri au rufaa. Ukomo ndio hatari kubwa, kwa sababu ukishapita, dai linaweza kutupwa hata kama ushahidi ulikuwa imara. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda mbili, moja ishikwe na mtu mwingine.

Eneo jipya lianze na kazi ndogo, ukisaidiana na wakili mzoefu kwa ridhaa ya mteja. Kabla ya kupokea kazi yoyote kagua mgongano wa maslahi: uliyemtetea kwenye talaka huenda leo anadaiwa na kampuni inayokutafuta. Kisha andika barua ya makubaliano inayotaja ada, kazi utakayofanya, na ile ambayo hutaifanya. Sehemu hii ya mwisho wengi huiruka, na hapo ndipo malalamiko huzaliwa.