Kideri hupita njia ya tenga

Mfugaji wa kuku wa kienyeji wa Nzega, Uyui au Urambo, mkoani Tabora, akisikia kwamba kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, kimeingia kijiji cha pili, huanza kuhesabu kilomita. Hesabu hiyo humpoteza, kwa sababu virusi vya kideri havijali umbali kama vinavyojali mgusano: kuku aliyenunuliwa mnadani, jogoo aliyetolewa zawadi, na hasa tenga la mchuuzi, linalozungushwa kwa pikipiki nyumba hadi nyumba huku kinyesi kikiwa kimeganda kwenye fito zake.

Mwaka 1927 watafiti wa magonjwa Kermack na McKendrick walionyesha kwa milinganyo kwamba mlipuko haushiki iwapo kila mgonjwa, kwa wastani, anaambukiza chini ya mmoja. Tuseme kila banda lenye kideri huambukiza mabanda matatu: matatu huzaa tisa, tisa huzaa 27, kisha 81. Kwa hesabu hiyo, kukinga zaidi ya theluthi mbili ya mabanda hutosha kuuzima. Lakini wastani huficha jambo, maana bibi mwenye mitetea minne asiyeuza huenda asiambukize jirani yeyote, ilhali banda la mchuuzi huambukiza hata kumi.

Ndiyo maana nawasihi wafugaji wa kitongoji wakae pamoja na daftari, waweke nukta kwa kila kaya, kisha wachore mstari popote kuku au tenga lilipopita mwezi uliopita. Nukta chache zitaonekana zimesongwa na mistari. Hizo zisikose chanjo ya kideri iitwayo I-2 hata mara moja, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu, kwani chanjo haiponyi aliyekwisha kuugua. Kaya nyingine nazo zifuate.

Uingereza iliona nguvu ya minada mwaka 2001, kondoo waliopitia minadani walipoeneza ugonjwa wa miguu na midomo kabla haujagunduliwa, ukafika mashamba zaidi ya 2,000.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kuuza kwa haraka kuku wanapoanza kuzubaa na kuhara kijani, kwa kuwa mistari huongezeka wakati uleule ilipopasa kukatwa. Siku hizo asiuzwe wala asigawiwe kuku, mizoga ichomwe au ifukiwe, na mchuuzi aache tenga barabarani. Kuku mgeni, hata akionekana mzima, afungiwe peke yake angalau wiki mbili, naye ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji kulishwa.