Pedi kwanza, ishara baadaye

Nimejifunza hili Arua, Uganda, tukiwafundisha wasichana viziwi kutumia pedi za kitambaa. Usieleze huku unaonyesha. Funga pedi kwenye chupi polepole, wote waone, kisha iweke chini. Ndipo mkalimani aanze ishara. Msichana kiziwi husikiliza kwa macho: akitazama pedi, maelezo ya mkalimani yanampita, na aibu humzuia kuomba urudie. Mkalimani awe mwanamke, tafadhali, la sivyo nani atauliza kuhusu damu kuvuja? Njia hii hukwama kwa binti ambaye hakupelekwa shule, asiyejua Lugha ya Ishara ya Uganda, mwenye ishara za nyumbani tu. Huyo mfundishe pamoja na mama au dada yake, maana wao ndio wanaozielewa.