Somo: Bo-odori ya Kagoshima, mapigo ya kwanza kwa watu wanne

Bo-odori ni ngoma ya fimbo ya Kagoshima, kusini mwa Japani, ichezwayo hasa kwenye sherehe za kupanda mpunga. Kila kijiji kina mtindo wake. Haya ni mazoezi ya kuanzia.

Fimbo ndefu ni shaku 6 (shaku ni kipimo cha urefu cha Kijapani), sentimita 182 hivi. Fupi ni shaku 3, sentimita 91. Tafuta mti mgumu. Ipitishie kitambaa kikavu: kikinasa, hapo pana ufa, na fimbo hiyo ikipigwa itarusha vibanzi usoni. Mundu na naginata, upanga wa mpini mrefu, visubiri.

1. Chukueni fimbo ndefu, simameni jozi mbili, mkitazamana. Shika fimbo sentimita 60 kutoka kila ncha. Ukinyoosha mikono, ncha yako ifike katikati ya fimbo ya mwenzako, isifike kichwani.

2. Anayepokea ndiye anayetangulia. Ainue fimbo mlalo juu ya paji la uso, magoti yamelegea. Ikishatulia, mwenzake apige katikati yake. Mpigaji akitangulia, pigo linakosa pa kutua ila mtu. Rudieni hatua hii mpaka jozi zote zitoe mlio mmoja. Msiiharakishe, ndiyo roho ya ngoma nzima.

3. Pigo la chini: mpokeaji asimamishe fimbo kando ya mguu, mkono wa chini aupandishe hadi kiunoni.

4. Kupishana: kila mtu apite kushoto kwake, fimbo wima. Ikilala, mkia wake unampata jirani.

Waimbaji husimama pembeni, na wimbo wao huvutwa polepole. Hesabuni mapigo, msifuate silabi.

MASWALI

Mwalimu, mbona vidole vyangu vinagongwa kila mara?
— Mikono inateleza kuelekea katikati. Funga utepe kwenye zile alama za sentimita 60, uangalie kila baada ya duru.

Sisi Lamu tuna kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Bakora zetu zinafaa?
— Kwa fimbo fupi zinafaa, zikiwa nyoofu na zimelingana urefu. Ila kwenye kirumbizi unamvizia mwenzako; huku kila pigo limepangwa, na ukimbabaisha mwenzako ataumia.

Mundu je?
— Anza na wa mbao. Fimbo ikiingia kwenye upinde wake hunasa na kumvuta mchezaji, kwa hiyo lenga mpini, kati ya mkono na upinde.