Bustani ya kikuba: kuotesha asumini, rihani, langilangi na kilua uani kwako

Nina kitalu kidogo hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni kina mama wanaotaka jambo moja: ua wa nyumba uwe na maua ya kutosha kutunga kikuba bila kwenda sokoni. Kikuba chenyewe, kile kishada cha maua yanayonukia ambacho mwanamke hukivaa nguoni, unakijua: asumini, vishada vya rihani, langilangi, na ukijaliwa, kilua. Kazi ni kuyapata yote yakiwa mabichi jioni moja.

Kosa ninaloliona mara nyingi linaanzia kwenye jina. Mtu hununua mche kwa jina la sokoni, akaupanda mahali pasipo pake, akaumwagilia kama mchicha, kisha akaja kwangu kulalamika kwamba hautoi maua. Kwa hiyo tutaanza na majina, hata kama mikono inakuwasha kushika jembe. Jina la kitaalamu linakwambia mmea ni ndugu wa nani, na kukupa pa kuanzia kuulizia kwao ni wapi. Ukishajua kwao, habari ya jua, kivuli na maji umeshaipata nusu.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichouziwa ni asumini

Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa miche kumi "ya asumini". Ikastawi, ikatoa maua meupe yenye petali zilizojipinda kama kititia cha watoto, lakini harufu ukiitafuta ni kidogo mno. Nilikuwa nimeshaigawa mitatu kwa majirani. Siku moja nikavunja jani, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ilikuwa Tabernaemontana divaricata, mmea wa familia moja na alamanda, na wala hauna undugu na asumini.

Tangu hapo sinunui mche kabla sijavunja jani. Ukitoka utomvu mweupe, urudishe. Jani likiwa limeundwa kwa vijani vingi vidogo, na ukilisugua linanukia kama la mdimu, hiyo ni Murraya paniculata, ya familia ya michungwa. Maua yake yananukia kweli, ila yanapukutika ukiyashika na hayatungiki. Vijani vikiwa vitatu kwenye kikonyo kimoja, umepata mwafu, yaani asumini ya mwituni. Mwasumini wenyewe una majani mazima, yanayong'aa, yanayokaa mawili mawili yakitazamana, na hauna utomvu.

Jina lake ni Jasminum sambac. Neno la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu kiukoo, huanza kwa herufi kubwa; la pili ni la spishi, yaani mmea wenyewe ndani ya kundi hilo, herufi ndogo. Yote mawili yana asili tunayoifahamu: Jasminum ni yasamin ya Kiajemi, ile ile iliyotupa sisi yasmini na asumini, na sambac imetoka kwenye neno la Kiarabu zanbaq. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha utaratibu huu wa majina mawili, alipouorodhesha mwaka 1753 aliuita Nyctanthes sambac, na Nyctanthes maana yake ni ua la usiku. Mwaka 1789 William Aiton, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, akauhamishia kwenye Jasminum, na humo umo mpaka leo. Familia yake ni Oleaceae, familia ya mzeituni.

Kwao ni India na maeneo ya chini ya Himalaya upande wa mashariki. Waingereza wanauita wa Arabuni, lakini Arabuni ulipita tu ukiwa njiani. Ufilipino nao wameupenda hata wakaufanya ua la taifa mwaka 1934.

Na mwafu nao una kisa chake. Ni mmea wa Afrika, umejaa vichakani pwani yetu, lakini kitaalamu unaitwa Jasminum fluminense, yaani wa Rio de Janeiro! Ulikuwa umevushwa bahari hadi Brazili, mtaalamu wa huko akaukuta, akampa jina mgeni kana kwamba ni mzaliwa. Kwa hiyo jina la kitaalamu litakuonyesha ndugu za mmea, lakini kwenye habari ya kwao usiliamini bila kuuliza.

Hatua ya 2: Otesha vipandikizi

Mwasumini hatuuoteshi kwa mbegu. Subiri masika yaanze, au vuli kama masika yamekupita. Chagua tawi ambalo si changa la kijani kibichi wala halijakauka kuwa kuni, lile linalopinda bila kuvunjika. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Mkato wa chini upite chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu.

Changanya mchanga wa mtoni na mboji, sawa kwa sawa. Mchanga wa baharini usiutumie hata ukiuosha mara saba. Chomeka vipandikizi vifundo viwili viingie chini, mwagia, kisha funika kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi. Weka kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo: kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Usivute kila siku.

Kama kuna mwasumini mkubwa kwa jirani, njia rahisi kuliko hiyo ni kulaza tawi refu ardhini, kulikwaruza ganda mahali pamoja, kulifukia hapo na kulikandamiza kwa jiwe, ncha ikibaki nje. Baada ya miezi miwili mitatu unalikata likiwa na mizizi yake. Kwa mtu anayeotesha mche mmoja tu, mimi humshauri hivi.

Hatua ya 3: Udongo na mahali

Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Chini ya mwembe utaota majani mazuri tu.

Wengi wetu tumejenga juu ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Mwasumini ukipandwa humo, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma: madini yamo udongoni, lakini chokaa inayazuia yasifyonzwe. Watu wakiona manjano huongeza maji, na hali inazidi kuwa mbaya. Dawa ni kupanda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini, kwa udongo mwekundu au tifutifu kutoka mbali na matumbawe: sehemu mbili udongo, moja mboji, moja mchanga. Kama ni lazima upande ardhini, chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na kwa upana, toa mawe, na ujaze mchanganyiko huo huo.

Hatua ya 4: Ushindishe kiu, kisha ukate

Wateja hawapendi kuisikia hatua hii, na asiyeifuata hukaa na kichaka kisichochanua.

Kule India mmea huu umezoea kiangazi kikali kinachofuatwa na mvua. Wakulima wa Madurai, mji wa kusini mwa India unaosifika kwa asumini, huipogoa mimea mwisho wa mwaka ili ichanue kwa wingi joto likipanda. Asumini hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo mmea usiokatwa unabaki na matawi makongwe yasiyozaa kitu.

Mimi hufanya hivi. Kaskazi ikikolea, mwezi wa kwanza au wa pili, napunguza maji kwa wiki mbili hadi tatu, kiasi cha majani kulegea kidogo mchana na kuamka usiku. Ulio kwenye ndoo uangalie kila siku, ndoo hukauka upesi. Kisha nakata theluthi moja ya kila tawi, naondoa yaliyokufa, natia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na narudisha maji kwa wingi. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, vitumba vinatoka kila ncha. Kila msimu wa maua ukiisha, nakata tena kidogo.

Mbolea ya urea iache. Itakupa majani ya kujivunia na hutapata ua. Wakija wadudu weupe kama pamba au vidukari, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji kinatosha. Pulizia jioni, chini ya majani.

Hatua ya 5: Mrehani

Huu ni mwepesi. Ocimum basilicum, na basilicum ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake "ya kifalme". Nyunyiza mbegu juu ya udongo, zifunike kwa vumbi la mboji tu, mwagia kwa matone. Ndani ya wiki moja au zaidi kidogo zimeota. Mche ukifika sentimita 15 kata kilele ili utoe matawi. Ni mmea wa muda mfupi, kwa hiyo panda mwingine kila baada ya miezi miwili. Vishada vya maua viache kwenye mimea miwili mitatu kwa ajili ya kikuba na mbegu. Mingine ipunguze vishada isizeeke mapema.

Usiuchanganye na kivumbasi. Ni wa jenasi hiyo hiyo ya Ocimum, ila harufu yake ni kali, ya kufukuzia mbu. Kikubani hakifai.

Hatua ya 6: Mlangilangi, kama una nafasi

Cananga odorata, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Jina letu ni ilang-ilang ya Ufilipino iliyopokewa hivyo hivyo, ikavikwa m- ya miti. Familia yake ni Annonaceae, ya mstafeli na mtopetope, na ukilitazama ua lake kwa karibu utauona ukoo. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta yake duniani, na mbinu yao ndiyo ya kuiga: mti ambao ungekwenda juu ya mita kumi hukatwa kilele na matawi kuinamishwa, ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama chini.

Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, panda kwenye mfuko mrefu kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka haraka na haupendi kusumbuliwa. Uhamishe ukiwa na kimo cha goti. Uwe mbali na ukuta na karo, mita tano au sita. Ukivuka kimo chako, kata kilele bila huruma na uinamishe matawi ya pembeni kwa kamba na vigingi. Huu ni mti wa nchi za mvua, kwa hiyo kiangazi usiufanyie kiu kama mwasumini.

Hatua ya 7: Mkilua

Mimea mitatu iliyotangulia ilikuja kwa majahazi na meli, au imezagaa dunia nzima. Huu ni wetu. Unaota wenyewe kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mama zetu wameupanda majumbani tangu zamani kwa ajili ya harufu ya maua yake. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Kew, bustani kubwa ya utafiti wa mimea kule London, aliyewahi kufanya kazi Nairobi, aliupa jina rasmi. Aliona haufai kuingia kwenye jenasi zilizokuwepo, akauundia yake, na jina la jenasi akalichukua midomoni mwa watu wa pwani: Mkilua fragrans. Fragrans ni Kilatini, inayonukia. Kwa hiyo popote duniani utakapotajwa, lazima utajwe kwa Kiswahili, pamoja na m- yake ya mwanzo. Nikiandika kibao chake pale kitaluni huwa naandika kwa herufi kubwa kuliko vingine, nakiri.

Nao ni wa familia ya mstafeli, na tabia yake ni ya mti mdogo wa msituni, wa chini ya miti mingine. Jua kali la mchana linaunguza majani. Uupande upande wa mashariki wa nyumba, au chini ya mti mkubwa usio na kivuli kizito. Chini yake usifagie: acha majani makavu yarundikane, ndiyo mbolea na ndiyo godoro la unyevu.

Mbegu zichukue kwenye tunda lililoiva, uzioshe nyama, na uzipande wiki hiyo hiyo. Zikikaa kwenye bahasha zinakufa. Tumia mfuko mrefu, mboji nyingi, unyevu wa kudumu na kivuli. Kisha subiri, mimi sikati tamaa kabla ya miezi mitatu, na nimewahi kumwaga mfuko nikakuta mbegu ndiyo kwanza inapasuka. Baada ya hapo unakua polepole, na ua la kwanza ni la miaka. Usiende kung'oa miche msituni. Omba tunda kwa mwenye mti, wapo mitaa ya zamani, na wengi hutoa bila malipo ukiomba kwa adabu.

Hatua ya 8: Kuchuma

Kila ua lina saa yake. Langilangi lichume alfajiri, likiwa limegeuka kutoka kijani kuwa manjano na kitovu chake kikianza wekundu. Lile la kijani bado halijanukia. Livingirishe kwenye jani la mgomba ulilolowesha, uliweke karibu na mtungi. Rihani kata alasiri. Asumini chuma saa kumi na moja jioni, vikiwa vitumba vyeupe vilivyojaa lakini vimefumba, kwa sababu hufunguka magharibi na kufikia kesho yake vinapukutika. Tunga vikiwa vimefumba, vitafungukia nguoni. Nyunyizia matone ya marashi, si zaidi.

Kilua weka mwisho, katikati. Viwili vinatosha, cha tatu kitaimeza harufu ya asumini yote uliyoihangaikia.