Modeli ya Kwanza ya Manowari ya Plastiki: Panga Kazi kwa Kufuata Rangi

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la modeli hueleza kipande kipi kinaunganishwa na kipi, lakini aghalabu haisemi ni wakati gani kila kipande kipakwe rangi, na hapo ndipo modeli nyingi za kwanza za manowari huharibika. Ndege ya plastiki yaweza kuunganishwa karibu yote ndipo ipakwe rangi. Manowari haikubali utaratibu huo, kwa sababu sitaha yake imejaa mizinga, mabomba ya moshi, boti za uokoaji na milingoti, na ukishavibandika vyote, brashi haifiki tena nyuma yake wala chini yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa ya gundi, soma maelekezo yote toka mwanzo hadi mwisho ukiwa na penseli mkononi, na kila hatua ujiulize kama rangi itafika mahali hapo baada ya kuunganisha. Pale ambapo haitafika, weka alama, kwani hapo ndipo utakapotenga kundi la vipande vya kuunganishwa na kupakwa rangi peke yake.

Kuchagua meli

Anayeanza huvutwa na meli zenye majina makubwa. Ninamshauri azisubirishe. Yamato ya Japani ilikuwa na urefu wa mita 263, hivyo katika skeli ya 1:350, yaani modeli iliyo ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, hufikia sentimita 75 na kuwa na mamia ya vipande, vingi vikiwa ni mizinga midogo ya kutungulia ndege inayorudiwarudiwa mpaka hamu ya kazi inaisha. Destroya, manowari ndogo yenye mwendo wa kasi, inafaa zaidi. Zile za Marekani za aina ya Fletcher, ambazo zilijengwa 175 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zina mabomba mawili ya moshi, mizinga mikubwa mitano ambayo kila mmoja una nyumba yake, na mlingoti mmoja mkuu. Urefu wake ni kama mita 115, yaani modeli ya sentimita 33 hivi katika skeli ya 1:350, au 16 hivi katika 1:700.

Skeli hizo mbili ndizo zilizoenea zaidi leo. Ile ya 1:700 ilipata nguvu kubwa mwaka 1971, pale watengenezaji wa Shizuoka nchini Japani walipoanzisha kwa pamoja mfululizo wa Waterline Series, wakigawana meli za kutengeneza ili wasirudie kazi moja. Modeli za mfululizo huo hukatwa kwenye mstari wa maji, hazina mkuku wala rafadha, na zinakaa mezani kama meli iliyo baharini. Kwa jicho langu, huo ndio muonekano mzuri zaidi wa manowari, na pia humwondolea mwanafunzi kazi ya kuchora mstari wa maji. Hata hivyo, vipande vya 1:700 ni vidogo mno: baharia mwenye urefu wa mita 1.75 anakuwa na milimita mbili na nusu tu. Mwenye macho yanayochoka upesi atastarehe zaidi na 1:350.

Amua pia ni tarehe gani ya maisha ya meli unayotaka kuionyesha. Manowari zilibadilishwa rangi na silaha mara kwa mara. Bismarck ya Ujerumani iliingia kazini Agosti 1940 na kuzama tarehe 27 Mei 1941, lakini hata katika muda huo mfupi ilipakwa michirizi myeusi na myeupe ubavuni, kisha michirizi hiyo ikafunikwa kwa kijivu kabla haijaingia Atlantiki. Picha moja yenye tarehe inayojulikana ina manufaa kuliko picha kumi zisizo na tarehe.

Vifaa

Huhitaji vingi. Tafuta koleo ndogo ya kukatia yenye mdomo bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilishwa, kibano chenye ncha kali, msasa laini wa namba 400, 800 na 1000, utepe wa kufunikia rangi, na brashi mbili au tatu nzuri. Gundi ziwe mbili. Ya kwanza ni gundi nyepesi ya majimaji ya modeli za plastiki, ambayo huyeyusha kingo za vipande viwili na kuvifanya kuwa kitu kimoja. Ya pili ni supaglu, kwa ajili ya chuma, uzi na vitu vingine ambavyo gundi ya kwanza haiviyeyushi. Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, kwani mvuke wa gundi na rangi una madhara, na unapopiga msasa lowesha plastiki kwa maji ili vumbi lisiruke.

Osha fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha ziache zikauke. Zinapotoka kiwandani huweza kuwa na mafuta yaliyotumika ili plastiki isigande kwenye kalibu, na rangi haishiki vizuri juu ya mafuta.

Bodi na sitaha

Kata vipande kwa awamu mbili. Kwanza kata mbali kidogo na kipande ili kitoke kwenye fremu kikiwa na kikia, kisha kata kikia chenyewe na kumalizia kwa msasa. Ukikata mara moja kwa kubana karibu, plastiki hupasuka kuelekea ndani na kuacha shimo. Kwa mtutu wa mzinga wa skeli ya 1:700, ambao ni mwembamba kama sindano, hata koleo ni hatari. Uweke juu ya kigae au ubao mgumu, kisha uukate kwa wembe mpya kwa kubonyeza polepole kwenda chini.

Bodi, yaani mwili wa meli, mara nyingi huja katika nusu mbili, za kulia na kushoto. Zijaribu bila gundi kwanza. Zishikanishe kwa utepe, weka sitaha juu yake, na uangalie kutoka omo hadi tezi kama mstari umenyooka. Sitaha ndefu mara nyingi hupinda kidogo, na bodi ya kukatwa kwenye mstari wa maji huweza kuinuka ncha zote mbili ukiiweka juu ya kioo. Plastiki hii hulegea inapokaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi, hivyo chovya kipande kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa muda mfupi, kinyooshe kwa vidole taratibu, kisha kitie kwenye maji baridi kikiwa bado kimenyooshwa.

Nusu mbili zikikaa sawa, zifunge kwa utepe kila baada ya sentimita tatu au nne, kisha gusa ufa kwa brashi ya gundi nyepesi. Usiipake kama rangi. Iguse tu, nayo itakimbia yenyewe ndani ya ufa, na hapo utaona mstari unaong'aa ukisafiri mbele ya brashi. Subiri sekunde chache, kisha bana pande mbili kwa vidole mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze juu ya ufa kama uzi mwembamba. Uzi huo ndio utakaojaza ufa. Usiuguse wala kuufuta. Iache bodi usiku mzima, na kesho yake ukwangue kwa wembe na kumalizia kwa msasa wa maji, nawe hutaona tena mahali pa kiungo. Angalia tu gundi isiingie chini ya utepe, kwani itatambaa na kuacha alama za kudumu ubavuni.

Sitaha nayo ibandikwe kwa mtindo huohuo, ukianzia katikati na kuendelea nusu hii na nusu ile kwa zamu. Nafasi itakayobaki kati ya sitaha na ubavu ijaze kwa puti ya modeli, lakini kwa uchache, maana kuondoa puti iliyozidi bila kufuta alama za mbao au za bati zilizochongwa kwenye sitaha ni kazi inayotia uchungu.

Rangi

Gawa meli katika makundi: bodi pamoja na sitaha yake, jengo la daraja la nahodha, kila bomba la moshi, kila mzinga na nyumba yake, boti, na mlingoti. Vipande vidogo vibandike kwenye vijiti kwa utepe wenye gundi pande zote mbili ili uwe na pa kushika. Vyote vipate kwanza praima (rangi ya msingi) ya kijivu, tabaka jepesi, kwani praima hufichua nyufa ambazo jicho halikuziona kwenye plastiki tupu, na wakati bado upo wa kurudi kwenye puti.

Meli ya rangi mbili ndiyo inayofaa kwa mara ya kwanza. Katika mpangilio ulioitwa Measure 21, manowari za Marekani zilipakwa bluu iliyokoza kwenye nyuso zote za wima na bluu ya sitaha kwenye nyuso zote za mlalo. Tofauti kati ya bluu hizo mbili ni ndogo, kwa hiyo mkono ukitetereka kosa halionekani sana. Paka sitaha kwanza, iache ikauke kabisa, kisha pita kwenye kuta kwa brashi bapa iliyolowa kiasi, ukiivuta kutoka kwenye kona ya ukuta na sitaha kuelekea juu. Tabaka mbili au tatu nyepesi hushinda tabaka moja nzito, ambayo huziba milango na madirisha madogo yaliyochongwa.

Rangi uliyoiona kwenye meli halisi huonekana kukoza mno kwenye modeli ndogo. Meli ikitazamwa kwa mbali, hewa iliyo katikati huifanya rangi ipauke, nasi tunapotazama modeli ya 1:700 ni kama tunaitazama meli kutoka umbali mrefu. Ongeza basi kijivu chepesi au nyeupe kidogo kwenye kila rangi, na usitumie nyeusi tupu mahali popote. Kijivu kilichokoza sana kinatosha.

Kama bodi yako ina sehemu ya chini ya maji, mstari wake unahitaji uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote, maana ukipinda milimita moja tu meli nzima huonekana imeinama. Isimamishe bodi ikiwa imelala sawasawa, funga penseli juu ya kibao cha kimo kinachofaa, kisha kizungushe kibao hicho mezani ukiacha ncha ya penseli iguse bodi pande zote. Meli nyingi zilikuwa na ukanda mweusi mahali hapo. Anza na ukanda huo: paka rangi iliyokoza kwa upana unaozidi unaohitaji, ikikauka ufunike kwa utepe uliokatwa kwa rula uwe na upana mmoja kote, ndipo upake nyekundu ya chini na rangi ya ubavu juu yake. Bonyeza kingo za utepe kwa ukucha, na kabla ya rangi mpya pitisha tabaka jepesi la ileile iliyo chini ya utepe. Ikipenya, itapenya ikiwa na rangi iliyokwishakuwepo, na itaziba njia ya ile inayofuata.

Kuunganisha makundi

Sasa makundi yaungane, kutoka katikati ya meli kwenda nje na kutoka chini kwenda juu, ili mkono usipite juu ya vitu vinavyovunjika. Gundi ya modeli haishiki juu ya rangi. Kwangua rangi pale panapoguswa, au tumia tone dogo la supaglu kwa ncha ya kijiti cha meno. Tazama meli ukiwa mbele ya omo kila unapoongeza kitu, kwa sababu bomba la moshi lililoinama huonekana kutoka hapo kuliko ubavuni.

Vizuizi vya pembeni na rada vya chuma chembamba, vinavyouzwa peke yake, viache kwa meli ya pili. Ni vizuri, lakini kuvikunja na kuvibandika ni ufundi mwingine kabisa.

Kamba za mlingoti unaweza kuzitengeneza kwa mabaki ya fremu. Shika kijiti cha fremu juu ya mshumaa, mbali kidogo na mwali, ukikizungusha mpaka kilegee na kung'aa. Kiondoe kwenye joto kwanza, ndipo uvute. Ukivuta upesi utapata uzi mwembamba zaidi. Jitahidi uwe mwembamba kadiri inavyowezekana: unywele wa binadamu wa milimita 0.07 katika skeli ya 1:700 ungekuwa sawa na kamba ya karibu sentimita tano kwenye meli halisi, na hakuna waya wa antena wenye unene huo. Uzi uliolegea hunyooka ukiukaribishia ncha ya kijiti cha ubani kilichowaka, bila kuugusa.

Kabla ya kamba hizo, lakini, namba za ubavuni ziwe zimekwisha bandikwa. Paka vanishi ya kung'aa mahali pa namba, kwa kuwa kwenye rangi kavu isiyong'aa hewa hunaswa chini ya stika na kuacha weupe. Loweka stika kwenye maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, iache juu ya kitambaa mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi, iweke, kisha ukamue maji kwa brashi yenye unyevu kutoka katikati kwenda kando. Baada ya siku moja, rangi ya mafuta ya kijivu iliyokoza, iliyozimuliwa sana kwa tina, ipitishwe kwenye kona na mistari ya sitaha ili kuionyesha, na kutu ipakwe kidogo tu kwenye minyororo ya nanga na matundu yake. Vanishi isiyong'aa humalizia yote, ikipulizwa kwa umbali wa sentimita 25 hivi kabla ya kufunga kamba za mwisho.

Meli iliyokamilika haifutiki vumbi. Brashi laini kuliko zote bado hung'oa antena, hivyo andaa kasha la kioo au la plastiki angavu siku ileile unayomaliza, lifungwe juu ya kibao ambacho bodi imekazwa kwa skrubu kutokea chini, na liwekwe mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, kwani joto hukunja sitaha na mwanga huzigeuza stika kuwa za manjano.