Wataka kuposa Lamu? Fanya hivi

Kwanza acha kumuandikia yule msichana wotsapu saa sita za usiku ukidhani ndo ujanja. Mkikaa faragha nyinyi wawili bila maharimu (ndugu yake asiyeweza kumuoa) hiyo ni khalwa, faragha iliyokatazwa na dini, na mashekhe wengi wasema hata hizo chati mlango wake ni huo huo. Wamtaka? Mtume mamako au shangazi yako aende akaulizie kimya kimya kama yuko huru, hajaposwa (kuposa juu ya posa ya mwenzio ni haramu) wala hayuko edani (muda wa kungoja baada ya kuachwa au kufiwa na mume). Mjane eda yake miezi 4 na siku 10, hapo huruhusiwi kumposa wazi wazi.

Mambo yakielekea ndo wazee waende. Nyumba nyingi za mawe pale mtaa wa Mkomani zina daka mlangoni, baraza za mawe huku na huku, basi piga hodi usimame kando, usiukabili mlango macho yakaingia ndani, ukikaribishwa kaa dakani mpaka mwenyewe akupitishe. Hodi ya tatu kimya? Rudi zako. Binti kumuona waruhusiwa, tena yapendekezwa, uso na viganja, babake au kakake akiwepo.

Sasa mahari, na hapa ndo watu huvurugana. Mahari ni haki ya msichana mwenyewe, si ya baba wala mjomba. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni zawadi za mila tu, vizuri lakini viandikeni mbali, msije mkajumlisha vyote mkaita mahari halafu siku mko mbele ya kadhi kila mtu ana hesabu yake. Andikeni ni kiasi gani, taslimu ngapi na deni ngapi, maana deni la mahari halifi, hata ukifa wewe latolewa kwenye mali yako kabla ya warithi kugawana. Mimi naona bora kidogo ulipe yote kuliko laki za kutajia watu.

Siku ya nikahi: wali (msimamizi wa binti anayemuozesha), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (tamko la kuozesha na la kukubali), na ridhaa ya binti, aulizwe kweli si kukisiwa. Wali akikataa bila sababu ya kisheria nendeni kwa kadhi, ana mamlaka ya kuozesha. Chini ya miaka 18 sheria ya Kenya hairuhusu, asikudanganye mtu kwa jina la mila. Na cheti mchukue, Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka hata ndoa ya Kiislamu isajiliwe.